Mabati ya Paxton Road: karakana, supamaketi na uwanja mpya wa Tottenham

Tarehe 14 Mei 2017, dakika ya sita ya mchezo, Victor Wanyama aliwaruka mabeki wa Manchester United akaujaza mpira wavuni kwa kichwa. Ilikuwa mechi ya mwisho ya Tottenham Hotspur katika uwanja wa White Hart Lane, kaskazini mwa London, na bao la kufungulia siku hiyo likawa la Mkenya. Aliyetazama kwa makini aliona na jambo la pili: kona ya kaskazini-mashariki ya uwanja haikuwepo. Jukwaa lilikwisha kuvunjwa, na nyuma yake zilisimama nguzo za zege na kreni za uwanja mpya uliokuwa ukipanda ubavuni mwa ule wa zamani.

Uwanja huo mpya haukuota porini. Upande wake wa kaskazini umelala juu ya Paxton Road, barabara fupi iliyokuwa na karakana, maghala na kiwanda cha mabati. Hatua chache kutoka hapo, palipokuwa na eneo la viwanda vidogo la Wingate, leo pana supamaketi kubwa ya Sainsbury's. Watu wengi wanaijua habari ya uwanja. Habari ya ardhi iliyokuwa chini yake haijulikani sana, nayo ndiyo yenye mafunzo kwa yeyote anayeishi au kufanya kazi karibu na kiwanja cha mpira katika mji unaokua.

Mwezi mmoja baada ya bao lile, Wanyama alikuja Dar es Salaam kupumzika. Meya wa Ubungo wa wakati huo, Boniface Jacob, akaamua kumpa jina la mtaa. Mtaa wenyewe ulikuwa ukiitwa Viwandani. Kibao kipya hakikudumu. Wakubwa wa wilaya walisema utaratibu haukufuatwa, kikang'olewa, na jina la Viwandani likarudi. Kule Tottenham viwanda havikurudi.

Ardhi ya mafundi

Ukitaja Tottenham leo watu wanafikiria mpira. Karne iliyopita wangefikiria pia vitu vilivyotengenezwa pale. Waliosoma shule zetu kabla ya kompyuta wanazikumbuka mashine za kurudufia mitihani, wino mikononi mwa karani na jina Gestetner ubavuni mwa mashine. Kiwanda cha Gestetner kilikuwa Tottenham Hale. Jirani yake alikuwa Lebus, mtengenezaji wa fanicha ambaye kiwanda chake kilihesabiwa kuwa kikubwa kuliko vyote vya aina yake duniani, na ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwageuza maseremala wake wakaunda Horsa, ndege za mbao zisizo na injini za kubebea askari.

Viwanda hivyo vikubwa vilipofungwa, bonde la mto Lea halikubaki tupu. Nafasi zao na vichochoro vya nyuma ya maduka vilijazwa na watu wadogo: seremala wa makabati, fundi wa magari, mwokaji wa jumla, mchomelea vyuma, mwenye stoo ya vipuri. Kazi za namna hii hazina bango la kupendeza. Zina kelele, zina malori yanayoziba njia asubuhi, na paa zake ni za mabati. Mpita njia anaona uchakavu. Mwenye karakana anaona kitu kingine kabisa: mteja yuko umbali wa dakika 20, msambazaji wa vyuma yuko mtaa wa pili, na jirani atamwazima mashine yake ikiharibika Ijumaa jioni.

Ardhi ya namna hiyo imekuwa ikipungua London nzima. Mpango wa maendeleo wa jiji hilo wenyewe unakiri kwamba kati ya 2001 na 2015 zaidi ya hekta 1,300 za ardhi ya viwanda zilibadilishiwa matumizi. Kwa hiyo fundi aliyetolewa Tottenham hakuwa akihamia penye nafasi. Alikuwa akiingia foleni ndefu ya mafundi wengine waliotolewa kwingine.

Na biashara ya rejareja inayokuja kuchukua mahali pa viwanda, inadumu kiasi gani? Jibu moja liko mwendo mfupi tu kutoka uwanjani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2005, IKEA ilifungua duka kubwa Edmonton. Watu wapatao 6,000 walifurika kufuata bei za ofa, wakasukumana hadi wengine wakaumia, na duka likafungwa baada ya nusu saa hivi. Pengine hakuna duka lililowahi kupokewa kwa shauku kama ile kaskazini mwa London. Mwaka 2022 IKEA ikalifunga kabisa. Miaka 17. Fundi mzuri wa mabati huanza kazi akiwa kijana na kustaafu kwenye karakana ileile.

Hesabu za klabu

Tottenham iliuhamia uwanja wake wa White Hart Lane mwaka 1899. Hadi miaka ya 2000 uwanja uliingiza watu wapatao 36,000, idadi ndogo kwa klabu yenye wafuasi wengi kiasi kile. Kisha mwaka 2006 mahasimu wao Arsenal wakahamia uwanja wa watu 60,000 pale Ashburton Grove, nao pia kwenye ardhi iliyokuwa ya karakana na kituo cha taka cha manispaa. Mtu anayejua utani wa jadi wa timu hizi mbili hahitaji kuelezwa zaidi. Kila mechi ya nyumbani Arsenal walikuwa wakikusanya viingilio vya watu 24,000 zaidi.

Mwaka 2008 Tottenham ikatangaza mpango wake: uwanja mpya uliosogea kidogo kaskazini ya ule wa zamani, pamoja na supamaketi, nyumba za kuishi, hoteli na makumbusho ya klabu. Huko kusogea kaskazini ndiko kulikozigusa karakana. Klabu ilitaka kuendelea kucheza kwenye uwanja wa zamani wakati mpya ukijengwa, kwa hiyo ilihitaji ardhi ya jirani. Ikaanza kununua mali moja baada ya nyingine, kwa kimya, kwa miaka.

Kwa nini supamaketi? Nadhani hapa ndipo wachambuzi wengi wa mpira wanapopita haraka. Uwanja ni mradi unaomeza fedha kwa miaka kabla ya kutema senti. Supamaketi ni kinyume chake: inajengwa upesi, mpangaji wake ana jina kubwa, mkataba wa pango ni mrefu, na benki inauelewa mkataba huo kuliko inavyoelewa ndoto za kocha. Isitoshe, kwa halmashauri supamaketi ni ushahidi unaoonekana. Diwani anaweza kusimama mbele yake na kuhesabu waajiriwa. Ndiyo maana katika mradi mzima duka ndilo lililotangulia kusimama.

Halmashauri ya Haringey, ndiyo inayoisimamia Tottenham, ilipitisha mpango Septemba 2010. Chini ya kifungu cha 106 cha sheria ya mipango miji ya Uingereza ya mwaka 1990, mwenye mradi hufunga mkataba na halmashauri: wewe unapata kibali, sisi tunapata hiki na kile kwa ajili ya watu watakaoguswa. Katika mkataba wa Tottenham klabu iliahidi zaidi ya pauni milioni 16 kwa usafiri, elimu na huduma za mtaa, na nusu ya nyumba zitakazojengwa ziwe za bei nafuu.

Waliounga mkono walikuwa na hoja, na hoja nzuri. Kata ya Northumberland Park, uliko uwanja, ilikuwa miongoni mwa maskini kabisa nchini Uingereza. Vijana wengi hawakuwa na kazi, na karakana chache zenye wafanyakazi wachache kila moja zisingeweza kuwaajiri. Kazi ya dukani haihitaji miaka ya kujifunza ufundi; mtoto wa mtaani anaanza wiki ijayo. Na klabu, ipendwe isipendwe, ndilo jina pekee la eneo lile lililojulikana Seoul, Lagos na Mombasa.

Waliopinga hawakuwa kundi moja. Wenye maduka madogo ya High Road, barabara kuu ipitayo mbele ya uwanja, walihofia supamaketi, lakini baadhi yao waliupenda uwanja. Wapenzi wa majengo ya kale walililia nyumba za zamani zilizopakana na uwanja. Wenye karakana walisema jambo moja tu, na walilisema kwa namna ambayo haikuingia vizuri kwenye vikao: sisi tuko kazini tayari. Katika mabishano ya mji, kazi iliyopo huwa haina picha ya kompyuta yenye miti na watoto wenye baluni. Kazi itakayokuja inayo.

Jinsi ahadi zilivyoyeyuka

Kisa hiki hakikuamuliwa siku kibali kilipotolewa. Kwa maoni yangu kiliamuliwa Februari 2012, kwenye kikao ambacho wapenzi wengi wa soka hawajapata kukisikia.

Kufika huko kuna hatua mbili. Kwanza, klabu iliinua mguu kuonyesha inaweza kuondoka. Ikaomba kupewa uwanja wa Olimpiki kule Stratford, mashariki mwa London, na mbunge wa Tottenham, David Lammy, akapinga hadharani. Februari 2011 West Ham wakachaguliwa badala yake, na Tottenham ikaenda mahakamani kupinga uamuzi huo. Iwe klabu ilikusudia kuhama kweli au ilikuwa inapandisha bei, ujumbe ulifika Haringey: mpangaji wenu mkubwa anajua njia ya kutokea.

Pili, tarehe 6 Agosti 2011, siku mbili baada ya polisi kumpiga risasi na kumuua Mark Duggan, maandamano ya amani nje ya kituo cha polisi cha Tottenham yaligeuka vurugu. Maduka ya High Road yalivunjwa na kuporwa, jengo lililokuwa na duka la mazulia la Carpetright likateketea kwa moto usiku kucha, na ghasia zikasambaa miji mingi ya Uingereza. Eneo ambalo jana lilikuwa likijadiliana na mwekezaji, kesho yake lilikuwa likimsihi mwekezaji asikimbie.

Katika hali hiyo klabu ilisema mradi haulipi kama ulivyo. Februari 2012 halmashauri ikaufungua upya mkataba. Mchango wa zaidi ya pauni milioni 16 ukashushwa hadi chini ya nusu milioni. Sharti la nyumba za bei nafuu likafutwa lote. Halmashauri na meya wa London wakaahidi fedha za umma kwa ajili ya maboresho ya eneo.

Mtu anaweza kuitetea halmashauri. Mtaa umeungua, serikali kuu inabana matumizi, na mwekezaji mmoja tu mkubwa ndiye aliyebaki mezani. Ukimbana akaondoka, unabaki na uwanja mtupu, karakana zilizokwisha kununuliwa na kufungwa, na aibu. Ningekuwa diwani usiku ule pengine ningeinua mkono kama wao. Ila tuiangalie mizania baada ya mkono kushuka. Kibali kilikuwa kimetolewa kwa sababu ya ahadi. Ahadi zikaondoka, kibali kikabaki. Na karakana, ambazo zilikuwa zikiombwa zijitoe kwa ajili ya manufaa ya umma, sasa ziliombwa zijitoe kwa ajili ya manufaa yaliyopungua sana, bila bei yao wenyewe kupanda hata peni moja.

Kuuza usipotaka

Kufikia hapo klabu ilikuwa imenunua sehemu kubwa ya ardhi iliyoihitaji. Walibaki wachache. Mwekezaji binafsi hana uwezo wa kumlazimisha jirani auze, lakini halmashauri inao, kupitia amri ya ununuzi wa lazima. Haringey ikaamua mwaka 2012 kuitumia.

Sheria ya Uingereza inadai kuwepo sababu nzito ya manufaa ya umma kabla mali ya mtu haijatwaliwa. Ikishathibitika, mwenye mali analipwa fidia kwa bei ya soko, pamoja na gharama za kuhama na usumbufu wa biashara. Inasikika vizuri. Mwiba umejificha kwenye kanuni iitwayo Pointe Gourde, iliyotokana na kesi ya machimbo ya mawe huko Trinidad iliyoamuliwa mwaka 1947 na Baraza la Faragha la London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni. Kanuni inasema hivi: unapokadiria thamani ya ardhi inayotwaliwa, ongezeko lolote lililoletwa na mradi wenyewe lisihesabiwe. Fanya kama mradi haupo.

Itafsiri kwa Paxton Road. Kiwanja chako kiko mahali pekee duniani ambapo klabu tajiri inahitaji kuweka jukwaa lake la kaskazini. Kwenye soko huru, kiwanja kama hicho kina bei ya ajabu. Kwenye kikokotoo cha fidia, hicho ni kiwanja cha karakana ya mabati kaskazini mwa London, basi. Mantiki yake ipo: kama kila mwenye kipande cha mwisho angeweza kudai donge nono, reli na hospitali zisingejengwa. Kanuni iliwekwa kuilinda serikali na hazina ya umma. Hapa anayefaidika na unafuu huo ni kampuni binafsi itakayouza tiketi. Sheria haikuvunjwa. Ilitumika ilivyoandikwa, na hilo ndilo linalofaa kutazamwa.

Aliyegoma mpaka mwisho alikuwa Archway Sheet Metal Works, kiwanda cha familia cha kukata na kukunja mabati. Uchunguzi wa wazi ulifanyika 2013. Julai 2014 waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, Eric Pickles, akaithibitisha amri. Familia ikaenda Mahakama Kuu. Kwa miezi kadhaa mashabiki walioelekea kwenye mechi waliliona jengo lile limesimama peke yake, huku kila kitu kilicholizunguka kimevunjwa na kuzungushiwa uzio. Novemba 2014 moto ukazuka ndani yake, kesi ikaendelea. Februari 2015 mahakama ikaitupa, na mwezi uliofuata familia ikatangaza kwamba haitakata rufaa.

Katika mitandao ya mashabiki familia ile ilitukanwa sana, ikaitwa yenye tamaa na yenye kuchelewesha klabu. Ni rahisi kumwona hivyo mtu mmoja anayesimama mbele ya viti 60,000. Lakini tuulize kipi hakikuwa kwenye hesabu ya fidia. Mashine kubwa za kukunjia bati zinaweza kubebwa na kufungwa upya. Wafanyakazi wanaokuja kwa miguu hawabebeki. Wala mteja aliyezoea kupita na mchoro wake asubuhi na kurudi jioni kuchukua kazi yake. Mhasibu anaiita hiyo hasara ya biashara na kuiwekea namba. Mwenye kiwanda anajua namba hiyo ni ya kubahatisha.

Duka, na duka lililo ndani ya uwanja

Sainsbury's ilifunguliwa Novemba 2013, zaidi ya miaka mitano kabla ya uwanja. Juu yake zilikaa ofisi za klabu na chuo cha ufundi cha vijana, kilichoanza kupokea wanafunzi Septemba 2014. Chuo hicho ndicho kilichokuwa jibu la wale waliosema ufundi unafukuzwa: tazameni, tunajenga shule ya ufundi. Mwaka 2017 kikafungwa. Nafasi yake ilichukuliwa na shule ya kuandaa wanafunzi kwa ajili ya vyuo vikuu, ambayo imefanya vizuri sana kimasomo, na sitaki kuibeza. Lakini mnyororo ule unastahili kuangaliwa mara mbili: karakana halisi zikavunjwa, juu ya supamaketi ikawekwa shule ya kufundisha ufundi, shule ikadumu miaka mitatu.

Kuhusu supamaketi yenyewe sina neno baya la kusema. Ina mboga, ina ajira, ina maegesho. Mama mwenye watoto watatu haulizi ardhi ilikuwa ya nani. Wenye vibanda vya matunda vya High Road waliendelea kuuza ndizi za kupika na mihogo, vitu ambavyo supamaketi huviweka kona ya mwisho kwa bei ya kushangaza.

Pigo kwa rejareja ya mtaani lilitoka upande ambao haukutazamwa sana. Uwanja ulifunguliwa tarehe 3 Aprili 2019, Tottenham wakiwafunga Crystal Palace 2-0. Ni uwanja mzuri ajabu: viti zaidi ya 62,000, jukwaa la kusini la watu 17,500 lisilokatwa, na chini yake baa yenye urefu wa mita 65. Kuna masoko ya chakula ndani, kuna mtambo wa kutengeneza bia wa Beavertown, na kuna duka la klabu ambalo klabu ilijitangaza kuwa ni kubwa kuliko la klabu yoyote ya mpira Ulaya. Fedha taslimu hazikupokelewa. Uliingia na kadi yako au ukakaa na kiu.

Sasa tafakari usanifu huo unataka nini. Uwanja wa zamani ulikuwa na vyoo vibovu na chai ya maji moto, kwa hiyo shabiki alikula na kunywa nje, akaingia dakika kumi kabla ya filimbi, akatoka mbio. Uwanja mpya umetengenezwa ili aingie saa mbili kabla na atoke saa moja baada ya mechi. Kila dakika anayokaa ndani ni dakika asiyokaa kwa muuza samaki wa kukaanga wa High Road. Idadi ya mashabiki iliongezeka karibu mara mbili, na bado mwenye mgahawa hawezi kuwa na hakika kwamba atauza mara mbili. Siku za vikao hoja ilikuwa kwamba mashabiki wengi watamwaga fedha mtaani. Klabu haikujenga kitu cha bilioni moja ya pauni ili fedha zimwagike mtaani.

Cha kuchekesha kidogo ni Beavertown. Hii ilikuwa kampuni changa ya bia iliyohamia Tottenham Hale mwaka 2014, kwenye eneo la viwanda vidogo, kwa sababu ileile inayowapeleka wote huko: nafasi kubwa, pango la kuvumilika, hakuna jirani wa kulalamikia harufu. Kiwanda kidogo kilichokua kwenye ardhi ya viwanda kikaingia ndani ya uwanja, na mwaka 2022 kikachukuliwa chote na Heineken. Mtu anaweza kuitumia habari hii kusema kwamba viwanda vilifaidika na mradi. Mwingine atauliza: Beavertown ya kesho itaanzia wapi?

Hoteli na minara ya nyumba, vilivyokuwa kwenye mpango uliopitishwa upya Desemba 2015, havikuwa vimejengwa uwanja ulipofunguliwa. Kituo cha treni cha White Hart Lane ndicho kilichojengwa upya mwaka huohuo wa 2019, na kwa mkazi wa kawaida nadhani hiki ndicho kitu bora kuliko vyote vilivyoletwa na sakata zima.

Upande wa pili wa barabara

Mambo hayakuishia Paxton Road. Mwaka 2013 halmashauri ilianza kuwauliza watu maoni kuhusu eneo la magharibi ya High Road, kati ya uwanja na kituo cha treni. Michoro ilikuwa mitatu, na yote mitatu ilibomoa nyumba 297 za Love Lane, mtaa wa maghorofa wa miaka ya 1960. Kiini cha mpango kilikuwa njia pana ya waenda kwa miguu kutoka kituoni hadi lango la uwanja, yenye uwanja wa wazi, maduka na migahawa. Kaskazini ya hapo kuna Peacock Industrial Estate: karakana ndogo ndogo, wengi wa wenye karakana wakizimiliki wenyewe. Nazo ziliwekwa ndani ya mstari mwekundu, yaani mpaka wa mradi.

Mafundi wa Peacock walikuwa wamekwisha kuona filamu hii. Walijua jinsi jengo la mwisho linavyosimama peke yake. Walijipanga mapema, wakaandika mapingamizi, wakaleta hesabu za ajira zao. Halmashauri ikaichagua kampuni ya Lendlease ya Australia kuwa mbia mwaka 2017.

Septemba 2021 wakazi wa Love Lane walipiga kura, kwa kuwa kanuni ya meya wa London ya tangu 2018 inataka kura ya wakazi kabla ya kubomoa mitaa ya nyumba za umma kwa fedha za jiji. Asilimia 55.7 walikubali, waliahidiwa nyumba mpya za halmashauri 500 ndani ya mradi wa nyumba zaidi ya 2,600. Hiyo ilikuwa hatua kubwa mbele kuliko yaliyofanyika mwaka 2012, kwani mpangaji alikuwa na karatasi ya kura mkononi, na ahadi ilibidi imvutie yeye kwanza. Fundi wa Peacock hakuwa na karatasi. Kanuni inamhesabu anayelala mahali, haimhesabu anayefanya kazi hapo. Kamati ya mipango ikaupitisha mradi Julai 2022.

Hapo akatokea mpingaji ambaye hakuna aliyemtarajia. Klabu ya Tottenham Hotspur yenyewe ilikwenda Mahakama Kuu kuishtaki Haringey. Miongoni mwa malalamiko yake: umati wa mashabiki utapitaje salama wakati ujenzi ukiendelea kati ya kituo na uwanja, na kwamba halmashauri haikulipima jambo hilo inavyopaswa. Kwa maneno mengine, mradi wa jirani mkubwa ungeiharibia biashara yake, na halmashauri ilipitisha haraka mno. Wenye karakana za zamani za Paxton Road wangeweza kuisoma hati ile na kuzitambua sentensi zao. Oktoba 2023 mahakama ikaitupa kesi ya klabu.

Mei 2024 Lendlease ikatangaza kwamba inajiondoa kwenye shughuli za ujenzi nje ya Australia. Kwa wenye karakana za Peacock ulikuwa mwaka wa kumi na moja tangu michoro ile mitatu ibandikwe: miaka ambayo mtu hajui anunue mashine mpya au la, amwajiri mwanagenzi au amwambie asubiri.